Ukiwa na miaka ishirini na kitu, kipi kitangulie: mwelekeo au mizani ya maisha?

#1 Mtafuta_Njia
Habari zenu wanajukwaa. Nina miaka 26, nimemaliza masomo, nina kazi yenye mshahara wa wastani, na sina tatizo kubwa ninaloweza kulinyooshea kidole. Hata hivyo, kila nikijiuliza nitakuwa wapi nikifika 35, sipati jibu. Nilisomea uhasibu kwa sababu nilikuwa na alama nzuri za hisabati na kwa sababu watu wazima walionizunguka walisema mhasibu hakosi kazi. Kweli sikuikosa, lakini sijui kama ni yangu. Jioni ninajifunza kuandika programu za kompyuta, mwishoni mwa wiki ninafunga mahesabu ya watu kwa malipo ya ziada, na katikati ya hayo nimeacha mazoezi, marafiki nawaona kwenye simu tu, na usingizi wangu umekuwa wa kuokoteza.

Wapo wanaoniambia nichague njia moja, niikimbilie kwa nguvu zote hata kama maisha yataelemea upande mmoja kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mizani itakuja baadaye. Wapo wanaoniambia nitulize maisha kwanza, nilale, nipate watu na nafasi ya kufikiri, ndipo mwelekeo utaonekana. Kipi kinatangulia? Ningependa kuwasikia waliopita umri huu na wenzangu tuliomo.

#2 Nahodha_Imara
Karibu, mdau. Kwa maoni yangu mwelekeo unatangulia, na sababu yake ni ya kihesabu, kwa hiyo wewe mhasibu utanielewa haraka. Fedha inayokua kwa asilimia 8 kwa mwaka, faida ikirudishwa humo humo, huongezeka maradufu kwa takriban miaka 9. Aliyeweka akiba akiwa na miaka 25, akifika 52 kiasi chake cha kwanza kimekua mara nane. Aliyeweka kiasi hicho hicho akiwa na 34, kimekua mara nne tu. Ujuzi nao hukua kwa namna hiyo, kwa sababu anayelijua jambo la kwanza hujifunza la pili kwa urahisi zaidi, na anayefahamika kwa kazi moja hupewa kubwa zaidi ya aina ileile. Ukigawa nguvu zako mafungu matano yanayolingana, utafika 35 ukiwa na mianzo mitano na hakuna hata mmoja uliokamilika. Chagua sasa, kubali kukosa baadhi ya mambo kwa miaka michache, kisha urekebishe ukiwa umesimama.

#3 MamaWawili
Mwanangu Mtafuta_Njia, umri huo niliupita zamani, na watoto wangu wawili wamo humo sasa, kwa hiyo jambo hili nalitazama kutoka pande zote mbili. Nahodha ameeleza vizuri, ila hesabu yake inachukulia kwamba atakayefika 52 ni mtu yuleyule aliyeanza, mwenye afya ileile na watu walewale. Mwaka 2021 mashirika mawili, la Afya Duniani na la Kazi Duniani, yalitoa makadirio yanayoonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukilinganisha na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Jumlisha saa za ofisini, za jioni na za mwishoni mwa wiki, uone uko wapi. Nimewaona wenzangu waliosema watapumzika wakishasimama. Waliposimama walikuwa hawajui tena kupumzika, na baadhi yao hawakuwa na wa kupumzika naye.

#4 Nahodha_Imara
Shikamoo mama. Takwimu zako ni za kweli, lakini tuzisome mpaka mwisho. Ripoti ile ile inaeleza kwamba vifo vingi vilivyohesabiwa ni vya watu waliofariki wakiwa na miaka 60 hadi 79, ambao walifanya kazi saa hizo nyingi wakiwa kati ya miaka 45 na 74. Haizungumzii kijana wa miaka 26 anayejituma kwa kipindi maalumu. Kama kuna wakati mwili unavumilia, ni huu.

#5 MamaWawili
Marahaba. Nakubali sahihisho lako, nami naomba ulitazame kwa upande wa pili: hao wa miaka 45 walijifunzia wapi kufanya kazi bila kikomo, kama si walipokuwa na miaka 26? Kipindi maalumu unachokisema kina tarehe ya kuisha, au kinaitwa maalumu tu?

#6 Msomi_wa_Usiku
Naomba niingize jambo ambalo huenda likabadilisha swali lenyewe. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alipendekeza kwamba kipindi cha kuanzia miaka 18 hadi takriban 25 kitazamwe kama hatua ya pekee ya maisha, ambayo si ujana wa balehe wala si utu uzima kamili. Alizitaja sifa zake kuwa ni kujichunguza, kuyumba, kujishughulikia mwenyewe, kujihisi katikati, na kuona milango mingi iko wazi. Kabla yake mwanasaikolojia Erik Erikson alikwisha eleza kwamba jamii huwapa vijana muda wa kujaribu kabla ya kujifunga, yaani kabla ya kushika njia moja na kubaki nayo. Erikson huyo, ambaye ndiye aliyeingiza katika saikolojia dhana ya mgogoro wa utambulisho, alitumia sehemu ya miaka yake ya ishirini akizunguka Ulaya kama msanii, hadi alipopata kazi ya kufundisha Vienna mwaka 1927.

La muhimu zaidi kwa mtoa mada ni la mwanasaikolojia James Marcia, ambaye mwaka 1966 alitofautisha hali nne kwa kuuliza mambo mawili: je, mtu amechunguza, na je, amejifunga? Asiyechunguza wala kujifunga anaelea. Aliyejifunga bila kuchunguza amepokea njia ya wengine. Anayechunguza bila kujifunga yuko katika kipindi cha majaribio. Aliyechunguza kisha akajifunga ameupata utambulisho wake. Mtafuta_Njia, wewe uliuingia uhasibu kwa hali ya pili, na sasa uko katika ya tatu. Ukitazama hivyo, hujarudi nyuma hata kidogo, ingawa naelewa kwamba ukiwa ndani yake unajihisi umepotea.

#7 Kijana_Mpya
Asante sana Msomi. Nimesoma pia kwamba ubongo haukomai mpaka mtu afikishe miaka 25, kwa hiyo maamuzi yote tuliyofanya kabla ya hapo tusiyahesabu. Nilifarijika sana kulisoma hilo.

#8 Msomi_wa_Usiku
Faraja hiyo imezidi kipimo, ndugu yangu. Ni kweli kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi ndani ya miaka ya ishirini, lakini hakuna siku ya kuzaliwa ambayo swichi huwashwa. Miaka 25 ni makadirio tu; sehemu mbalimbali za ubongo hukomaa kwa nyakati tofauti, watu hutofautiana, na mabadiliko mengine huendelea baada ya hapo. Kijana wa miaka 20 akiwa ametulia na ana taarifa za kutosha anaweza kuamua vizuri sana. Usiyafute maamuzi yako yote. Mengine yalikuwa mazuri.

#9 Kweli_Tupu
Nimewasoma wote kwa makini, na naona tunajadiliana kana kwamba kila mtu amesimama kwenye njia panda akichagua. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2023 kijana mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 hadi 24 hakuwa kazini, hakuwa masomoni wala hakuwa kwenye mafunzo yoyote, na wawili kati ya kila watatu wa kundi hilo ni wanawake. Takwimu hiyo inagusa nusu tu ya miaka ya ishirini, lakini inaonyesha wengi wanaingia humo kwa mlango gani. Nahodha anapotuambia tuweke akiba tukiwa na 25, anamwambia nani? Asiyebakiwa na kitu mwisho wa mwezi hana cha kukuza kwa asilimia 8, na bei zikipanda kwa kasi kuliko faida, hata aliyeweka anapungukiwa. Nadharia ya Arnett nayo imekosolewa kwa sababu hiyo hiyo: ilijengwa juu ya vijana wa nchi tajiri, wenye watu wa kuwabeba wakati wanajichunguza. Wengi tunaodhani tumekosa mwelekeo, tulichokosa hasa ni nafasi.

#10 DadaKifungua
Kweli_Tupu, umenigusa. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, na nilipopata kazi wadogo zangu walikuwa bado shuleni. Sikuchagua njia, nilichukua kazi iliyolipa mapema kuliko nyingine, katika idara ya huduma kwa wateja, ambako siku nzima unapokea watu wenye hasira zao. Kwa miaka mingi niliamini kwamba maisha yangu yataanza wadogo zangu wakimaliza. Lakini katika kupokea malalamiko niligundua kwamba nasikia lile ambalo mtu halisemi: anayelalamikia bili iliyokosewa mara nyingi ameudhika zaidi kwa sababu ameshapiga simu na kuahidiwa kwamba atapigiwa, kisha asipigiwe. Nilianza kuandika mambo hayo na kuyapeleka kwa wakubwa wangu, na leo kazi yangu ni kurekebisha utaratibu unaowafanya watu walalamike. Sisemi kwamba wajibu ni mzuri kwa sababu umenilea. Ninachosema ni kwamba anayebeba wengine naye anaweza kuona mwelekeo akiwa njiani na mzigo wake, bila kusubiri autue.

#11 Msomaji_Huru
Habari wadau. Mimi niko upande wa Nahodha. Ukiwasoma watu walioibadilisha dunia, utakuta waliijua njia yao mapema wakaifuata bila kugeuka. Darwin alikuwa na miaka 22 tu alipopanda meli kwenda kuchunguza viumbe, na alijua anachokitaka.

#12 Maktaba_Hai
Umri umepatia, lakini hilo la kujua anachokitaka silikubali. Charles Darwin alianza na masomo ya udaktari Edinburgh, akayaacha. Kisha akapelekwa Cambridge kwa nia ya kuandaliwa kuwa mchungaji. Nafasi ya kusafiri na meli ya Beagle ilijitokeza baada ya kumaliza huko mwaka 1831, na baba yake aliipinga kabla ya kushawishika. Safari ilichukua karibu miaka mitano, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1859, akiwa na miaka 50.

Van Gogh naye alifanya kazi kwa wauza picha, akafundisha, akafanya kazi katika duka la vitabu, akahubiri miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, na hadi mwaka 1880, akiwa na miaka 27, ndipo alipoamua kuwa mchoraji. Einstein alikosa nafasi ya kufundisha chuo kikuu, akaajiriwa mwaka 1902 katika ofisi ya hataza (inayosajili uvumbuzi) mjini Bern, na akiwa na kazi hiyo ya mezani akachapisha mwaka 1905 makala zilizobadilisha fizikia, akiwa na miaka 26, umri wa mtoa mada. Katika hao watatu, ni Einstein peke yake ninayeweza kusema alikuwa akifuata jambo moja kwa muda mrefu, na hata yeye hakulifuata kwa kuacha ajira.

#13 Kweli_Tupu
Maktaba, asante kwa historia, ila malizia na upande wa fedha. Gharama za Darwin zilibebwa na baba yake, na Van Gogh aliishi kwa msaada wa ndugu yake Theo. Tena tunawajua hawa kwa sababu walifika. Waliobadilisha njia mara tatu wakaishia bila chochote hawana wa kuwaandika, na huenda ndio wengi.

#14 Fundi_Randa
Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo nikiwa kimya. Mimi ni seremala, na wanaokuja kwangu kujifunza kazi wengi wao wana umri unaozungumzwa hapa. Nikiri kwamba simuulizi mtu ana ndoto gani, kwa sababu majibu hufanana. Ninachofanya ni kumpa droo aitengeneze. Kazi ya droo inaonekana ndogo, lakini pembe zake zikikosewa hata kwa unene wa kucha, itakwama upande mmoja. Mwanafunzi mmoja akiona inakwama ataisukuma kwa nguvu mpaka iingie, kisha aje kuniambia ameshamaliza. Mwingine ataitoa, apitishe kidole ukingoni kutafuta inapogusa, akwangue kidogo kwa randa, airudishe, aisikilize, aitoe tena. Wenzake wanafunga vifaa, yeye yuko palepale, wala hajui kama muda umekwisha. Huyo sihitaji kumuuliza chochote. Na wa kwanza si mvivu. Nimemwona mmoja wa namna hiyo akaenda kuwa muuzaji hodari wa mbao, kwa sababu alichokipenda ni kuzungumza na wateja.

Kwa hiyo nadhani swali la mtoa mada limekaa kichwani zaidi ya linavyostahili. Mwelekeo huonekana mikononi. Mtafuta_Njia, tuambie ni wakati gani katika kazi zako zote hizo huwa husikii saa ikipita.

#15 Mtafuta_Njia
Nawashukuru wote; nimesoma kila neno. Fundi, swali lako nimelifikiria sana, na jibu lake halikuwa nilipotarajia.

Katika kulinganisha taarifa ya benki na leja, yaani daftari la hesabu, hutokea pande mbili zikakataa kukubaliana. Kuna kanuni ya zamani ambayo wahasibu wengi wanaijua: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda mtu amegeuza tarakimu mbili. Kwa mfano 5,480 ikiandikwa 5,840, tofauti ni 360, nayo ni 9 mara 40. Niliandika programu fupi inayopitia miamala yote, inatafuta tofauti za namna hiyo, kisha inaonyesha mistari inayotiliwa shaka. Niliitengeneza kwa ajili yangu mwenyewe, sikuagizwa na mtu, na kila nikiiboresha huwa sisikii kitu chochote ndani ya chumba. Lakini nikikaa kwenye masomo ya kawaida ya programu, yale ya kutengeneza kurasa za intaneti, nasinzia. Na nikifunga mahesabu kwa mkono, nachoka mapema. Sasa sijui kama hiyo ni njia au ni mchezo tu.

#16 Nahodha_Imara
Ndugu yangu, hiyo ni njia, tena ina watu wanaoitafuta. Mhasibu anayeandika programu si mtu wa kumpata kila mahali, kwa kuwa waandishi wengi wa programu hawaijui leja na wahasibu wengi wanaogopa programu. Acha masomo ya kurasa za intaneti leo hii. Chukua tatizo hilo hilo, lipanue, wape wenzako ofisini walijaribu. Naona uzi huu umeshapata jibu lake.

#17 MamaWawili
Nahodha, wewe hata usingizini unapiga hesabu! Mwenzako amekuambia kuna jambo linalompumzisha, nawe tayari umeshalitafutia wateja. Si kila kinachomfurahisha mtu lazima kigeuzwe kazi. Kingine huharibika kikianza kudaiwa tarehe.

#18 Muuguzi_Zamu
Naomba nirudi kwenye nusu ya pili ya swali, kwa sababu tumeisahau mizani. Nina miaka 28, ni muuguzi, nami sina tatizo la mwelekeo. Nilijua ninachokitaka tangu sekondari. Nasema hivi ili mjue kwamba mwelekeo peke yake haukuniletea mizani, kinyume na alivyosema Nahodha kwenye #2. Nikiwa zamu ya usiku, kuna saa kabla ya mapambazuko ambapo nikipima shinikizo la damu la mgonjwa inabidi nisome namba mara mbili kabla ya kuiandika, kwa kuwa macho yanaona na akili haishiki. Hapo kuipenda kazi hakunisaidii kitu. Kilichonisaidia ni kulala. Watu wazima wanashauriwa kulala angalau saa 7, na anayefanya zamu huipata kwa kuipigania: mapazia mazito, simu kuzimwa, na ndugu kuelezwa kwamba kulala mchana si uvivu.

Jambo jingine, siamini katika mizani ya kila siku. Siku za zamu sina mizani yoyote. Nakwenda kazini, narudi, nalala. Nikiitazama wiki tatu au nne kwa pamoja, ndipo naona kama nimewaona watu wangu, nimetembea, nimesoma kitu kisichohusu hospitali. Mwezi ukipita bila hata kimoja, najua kuna linalokwenda mrama, na mara nyingi hujitokeza kwanza kwa mimi kuwajibu wagonjwa kwa ukali. Mtafuta_Njia, usingizi wako wa kuokoteza ungeushughulikia kabla hujaamua lolote kuhusu maisha. Mtu aliyechoka huona kila njia ni mbaya.

#19 Kijana_Mpya
Dada Muuguzi, asante, hilo la mwezi nimelichukua. Mimi nina swali la pembeni kidogo. Nina miaka 23, na kinachonivuruga si kazi wala usingizi, ni kuwaona niliosoma nao. Mmoja ameoa, mmoja ameanzisha kampuni, mwingine yuko masomoni nje ya nchi. Kabla sijafungua simu huwa najiona niko sawa, na nikiifunga najiona nimechelewa. Hivi hilo nalo ni kukosa mwelekeo?

#20 Msomi_wa_Usiku
Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujipima kwa watu wanaofanana naye. Ukiwa shuleni kipimo kipo: kuna mtihani, kuna alama, kuna darasa linalofuata. Ukitoka, mtaala umekwisha na hakuna anayekupa alama, kwa hiyo unawageukia wenzako kwa nguvu zaidi, na wenzako hao unawaona kupitia picha walizozichagua wenyewe. Ndiyo maana nadhani mkanganyiko wa miaka ya ishirini unatokana zaidi na kukosa kipimo kuliko kukosa njia. Wengi tunasema tunatafuta mwelekeo, ilhali tunatafuta mtu wa kutuambia kwamba tumefaulu.

#21 DadaKifungua
Msomi, hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Mimi kipimo nilikuwa nacho: ada zimelipwa au hazijalipwa. Nilifaulu kila muhula, na bado nilijihisi sijui ninakokwenda. Huenda kwa aliyetoka darasani moja kwa moja maelezo yako yanatosha. Kwa mwenye majukumu hayatoshi.

#22 MamaWawili
Kijana_Mpya, hilo la kuoa usilipime kwa simu ya mwenzako. Erikson aliyetajwa na Msomi aliuona ukaribu na mtu mwingine kuwa ndiyo kazi kubwa ya utu uzima wa mwanzo, baada ya mtu kujijua. Nami kwa niliyoyaona, utaratibu huo haufuatwi na wengi: kuna waliojijua kwa sababu ya mtu waliyempenda, na kuna waliojipoteza kwa haraka ya kupendwa. Sina kanuni ya kukupa. Ningekuuliza tu kama unataka mwenza, au unataka kutoachwa nyuma, kwa kuwa ni haja mbili tofauti.

#23 Maktaba_Hai
Nyongeza kwa Mtafuta_Njia kuhusu marafiki unaowaona kwenye simu tu. Mara nyingi tunawahesabu upande wa mizani, kana kwamba muda tunaowapa tunauondoa kwenye mwelekeo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kuhusu nguvu ya watu tusiofahamiana nao kwa karibu sana. Kati ya watu aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, zaidi ya nusu walisema kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara chache tu, si mara kwa mara. Sababu yake inaeleweka: watu wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe, wa mbali kidogo wanajua mengine. Anayejifungia ili aukimbilie mwelekeo anaweza kuwa anajifungia mbali na watu ambao wangemwonyesha ulipo.

#24 Nahodha_Imara
Hoja nzuri, Maktaba, na naikubali kwa sehemu. Lakini nabaki na wasiwasi mmoja ambao hakuna aliyeujibu. Kuchunguza, kujaribu, kupumzika, kuonana na watu, yote haya ni mazuri, na yote yanaweza kuwa njia ya heshima ya kuahirisha. Nawajua watu wenye miaka 39 ambao bado wanachunguza. Mtu atajuaje kwamba sasa imetosha?

#25 Fundi_Randa
Kwa kuweka ukomo kabla ya kuanza, Nahodha. Mwanafunzi wangu akitaka kujaribu kuchonga nakshi, tunakubaliana mapema: utachonga hadi mwisho wa msimu huu, na tutatazama mambo mawili, kama umeongeza ustadi na kama bado unataka kuendelea. Ukomo ukifika, tunakaa na kuzungumza. Akiuweka baada ya kuanza, atausogeza kila akifika karibu.

#26 Kweli_Tupu
Utaratibu huo ni mzuri kwa mwenye karakana ya kujaribia na mtu wa kumkatia ukomo. Mtoa mada anayo karakana yake, yaani ofisi na kompyuta, kwa hiyo kwake unafaa. Kwa yule wa takwimu nilizotaja kwenye #9, ambaye hajaitwa hata kwenye usaili mmoja, bado sijaona jibu humu, na ningeomba tusiufunge uzi kabla ya kumfikiria.

#27 Mtafuta_Njia
Sitaufunga, Kweli_Tupu, na kama kuna mwenye uzoefu wa kuanza bila mlango wowote naomba aandike. Kwa upande wangu nimeamua mambo mawili ya karibu. Kazi za mwishoni mwa wiki nitamaliza nilizokwisha pokea, sitachukua nyingine kwa sasa, na saa hizo zitakuwa za kulala na kuonana na watu. Masomo ya kurasa za intaneti nimeyaweka kando, nimebaki na programu yangu ya kutafuta makosa hadi mwisho wa mwaka wa fedha, kama alivyoshauri Fundi. Mama, ofisini sijaionyesha bado. Nataka kwanza nijue kama nitaendelea kuipenda. Nahodha, najua utasema nachelewa.

#28 Nahodha_Imara
Nasema unachelewa, naam. Ila kuna mtu ninayemfahamu kwa mbali ambaye anafanya kazi ya namna hiyo, mhasibu aliyeingia kwenye programu. Nitamwomba ruhusa nikuunganishe naye kwa ujumbe wa faragha. Ukimpata, usimuulize kama ufuate njia yake. Muulize siku yake ya kazi inapitaje tangu asubuhi hadi jioni, na ni sehemu gani ya kazi hiyo asingependa kuifanya tena.